Upande wa Kaskazini Uache Wazi

Furaha mwanangu,

Ninaogopa. Nilitaka kuanza kwa salamu na baraka kama wanavyofanya baba wengine, nikaandika mistari kadhaa ya namna hiyo, nikaona ni uongo mtupu, nikaichana karatasi. Basi naanza na ukweli. Tangu asubuhi mama yako amenifukuza jikoni zaidi ya mara moja kwa sababu nilikuwa namzunguka miguuni bila kazi.

Sasa hivi mko kanisani, wewe na yeye, mnaombewa safari ya kesho. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakiumi. Nilijua wakikuwekea mikono ningelia mbele ya watu wote, na wewe ungeinama kwa aibu. Kwa hiyo nimebaki mezani hapa karibu na dirisha. Jua linashuka nyuma ya paa la Auntie Joan, mwenye nyumba wetu, na chiriku bandani wanamalizia mbegu zao kabla giza halijaingia.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu, wala pampu yako ya pumu ikae mfuko upi, wala usitoe simu barabarani. Hayo mama yako ameshakuimbia wiki nzima, na mengine wewe ndiye uliyetufundisha sisi. Wamama wa kanisa wanashangilia kwamba unakwenda kusomea uuguzi katika mji unaoitwa Bethlehem, kana kwamba malaika watakupokea kituoni. Mimi nikisikia Bethlehem nasikia jimbo la Free State, nasikia mwezi wa saba, nasikia upepo unaoshuka kutoka milima yenye theluji. Halafu nasikia kifua chako.

Jana tulipokuwa tunakula uliweka kijiko chini ukasema, "Papa, kesho kutwa usinisindikize kwenye basi. Please. Mama atakuja."

Nilikuuliza sababu, ingawa niliijua. Ulikuwa umeshagundua kwamba nilimpigia simu mchungaji wa kule, mtu nisiyemfahamu hata sura, nikamwomba apite bwenini kwenu kila jioni. Ulikuwa umegundua pia kwamba nilikwenda kliniki kumwuliza nesi kama anaweza kuandika kwamba mapafu yako hayafai kwa baridi ya kule. Nesi alikataa, tena alinicheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Eish, Papa. Unanifunga plastiki, kama wale ndege." Mama yako akadakia kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi, kama kawaida yake akikasirika: "Mais weye, baba Furaha! Mutoto iko mukubwa. Juu ya nini unamufanya vile?" Nilichukua sahani yangu nikaenda kuiosha, na unajua mimi siyo mwosha vyombo.

Kitu msichokijua ni kwamba nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi lilelile. Kiti cha nyuma kabisa. Nilipanga kuvaa kofia, nishuke baada yako, nihakikishe umefunguliwa mlango, kisha nirudi Johannesburg na basi la usiku bila wewe kujua. Mtu mzima, mlinzi wa jengo kubwa la Sandton, nijifiche kofiani kumfuata binti wa miaka kumi na tisa. Nilipokuwa nakata tiketi niliona ni mpango wa busara sana.

Umetaja plastiki, basi tuzungumze plastiki. Unaikumbuka ile habari, tena huwa unawasimulia rafiki zako mpaka wanashika mbavu. Lakini ulikuwa mdogo na kuna kipande hukukisikia.

Tulipohamia hapa Kensington tulikuwa tumetoka kwenye kile chumba cha Jeppestown kilichogawanywa kwa mbao, ambako jirani akipiga chafya sisi ndio tuliomwitikia. Auntie Joan alikuwa mjane, magoti yamemkataa, akatupa vyumba viwili vya nyuma ya nyumba yake. Uani kulikuwa na banda la waya lililojengwa na mumewe, na ndani yake chiriku wale wenye midomo myekundu, wadogo hata hawajazi kiganja. Aliniomba niwatunze kwa kuwa yeye hawezi tena kuinama. Maelekezo yake yalikuwa mafupi. "Usiwafanyie mambo mengi. Wakae pakavu. Upepo wa kusini usiwapate. Walale wameshiba. Upande wa kaskazini uache wazi, jua liwafikie." Nikasema ndiyo, madam. Moyoni nikasema, huyu mwanamke hana huruma hata kidogo.

Kwa sababu mimi baridi naijua. Lubumbashi nako mwezi wa sita kuna baridi ya kung'ata masikio, na nyumbani kwetu dawa yake ilikuwa moja, mbabula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu. Mama yangu alilikoleza mkaa nje mpaka moshi uishe, kisha akaliingiza ndani tukalala vizuri. Ila nyumba ya baba yangu ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, uwazi wa paka kupita, na hakuna aliyewahi kutueleza kwamba ule uwazi ndio uliokuwa unatuamsha tukiwa hai. Mimi nilikuja Johannesburg na mbabula, ule uwazi nikausahau.

Baridi ilipokaza, nilizungusha plastiki banda lote, kaskazini na kusini, nikaziba viungo kwa utepe wa gundi, juu nikatupia mablanketi. Wewe ulinishikia misumari. Asubuhi zilizofuata plastiki ilikuwa inadondosha maji kwa ndani, na ndege wamekaa wamejivimbisha, vichwa vimezama manyoyani. Mtu mwenye akili angesema wanalowa. Mimi nikasema bado wanasikia baridi. Jioni nikakoleza mbabula pale uani mpaka mkaa ukawa mwekundu safi, nikaliingiza bandani, nikateremsha blanketi. Uliwaambia usiku mwema kwa Kiingereza.

Asubuhi nilitangulia mimi na maji yao. Nilipoinua blanketi, hewa iliyotoka ilikuwa na joto zuri, joto la chumba cha mgeni. Wote walikuwa chini. Walilala wametawanyika mchangani, hakuna aliyejeruhiwa, hakuna unyoya uliong'oka. Wewe ulikuwa nyuma yangu na sweta la shule, ukauliza, "Papa, kwa nini wamelala chini?" Kisha ukaelewa mwenyewe, ukakimbia kwa mama yako.

Hapo ndipo penye kile kipande ambacho hukukisikia. Auntie Joan alitoka na fimbo yake. Alitazama plastiki, akatazama mablanketi, akatazama mbabula. Mimi nilikuwa nangoja kufukuzwa, nimeshaanza kuhesabu akilini nani wa kutupokea Jeppestown. Hakunifukuza. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hiki kitu huwa unakiweka chumbani kwa mtoto?"

Nikamwambia bado. Nilikuwa nimepanga kukiweka humo umeme ukikatika tena, na chumba chako nilikuwa nimeshakiziba madirisha kwa plastiki ileile, ya kipande kilichobaki.

Auntie Joan alikaa kwenye ngazi ya mlango, kwa yale magoti yake, akashindwa kusimama mpaka nilipomwinua. Hapo hofu iliniingia, Furaha, na haijatoka. Mtu akishajua kwamba alikaribia kumuua mtoto wake kwa kumpenda, hajui tena mkono wake ufanye nini. Nilibandua plastiki madirishani kwako siku hiyohiyo. Usiku nikaona unatetemeka, nikafunga dirisha. Nikafikiria hewa, nikafungua. Mama yako akaniambia nikisimama tena atanifunga kitandani kwa kamba.

Wiki chache baadaye Auntie Joan alileta chiriku wengine kwenye boksi la viatu. Nilimwambia sitaki, awape watu wenye akili. Akaliweka boksi mikononi mwangu akaenda zake. Safari hii nilifuata neno lake. Mbao pande tatu, bati juu, kaskazini waya mtupu. Mbegu za mwisho kabla jua halijaondoka, kwa sababu usiku wa Julai ni mrefu na ndege mdogo akilala na njaa haamki. Asubuhi kuvunja barafu kwenye sahani ya maji. Viota vyote kuviondoa mpaka majira ya joto, maana jike akitaga kwenye baridi yai linamkwama na linamuua. Hata hilo lilinishangaza. Mimi ningewawekea viota zaidi, na sufu ndani.

Lakini kufuata neno si kuacha kuogopa. Siku moja nikamwona mmoja amejivimbisha mpaka amekuwa duara, nikasema huyu anakufa. Nikamshika, nikamwingiza jikoni, nikamweka karibu na hita ndani ya kikapu. Alichangamka, akaimba. Nilijiona daktari. Baada ya siku kadhaa nikamrudisha nje kwa wenzake, na asubuhi yake alikuwa amekufa, yeye peke yake. Wale ambao sikuwaokoa walikuwa wamebanana kwenye kijiti, wazima kabisa. Auntie Joan alinieleza bila hasira. Ndege akijivimbisha hivyo si lazima anaumwa, anajipasha moto. "Wewe ulimfanya aache," alisema.

Nilipaswa kuelewa siku hiyo, sikuelewa. Kila Julai nilikuzuia usiende shule. Kibaridi kidogo tu, nakaa mlangoni, nasema leo hapana. Mama yako alibishana nami, nikamtajia pumu, akaniacha. Kumbe hofu yangu ilikuwa inahamia kwako. Asubuhi moja, ukiwa na miaka tisa, uliniuliza, umekaa kitandani umejifunika mpaka kidevuni, "Papa, leo kuna baridi ya kuua?" Uliuliza vile mtoto mwingine anavyouliza kama leo kuna mkate. Nilikwenda kazini siku hiyo nikakaa kwenye kibanda cha mlinzi na koti nimelifunga mpaka kidevuni, na jua lilikuwa linawaka.

Wewe ndiye uliyejitoa humo, mimi sikukutoa. Ulipokuwa na miaka kumi na tatu ulijiandikisha mbio za shule, zile za kuzunguka mashamba na vilima, na mama yako akakupa ruhusa akanificha. Nilikuja kuambiwa na Auntie Joan. Nikatoka zamu ya usiku Sandton, sikupitia nyumbani, nikaja na yunifomu yangu kusimama nyuma ya ua wa shule, mfukoni nina pampu ya akiba. Ulitokea karibu na mwisho wa kundi, mdomo wazi, mvuke unatoka, uso umeiva. Niliona unakufa. Ulikuwa unacheka. Ulinitambua nyuma ya ule ua ukapiga kelele, "Papa, go home!" Watoto wakageuka wote. Niliondoka, lakini nyumbani sikwenda. Nilijibanza pembeni ya robot, zile taa za barabarani za pale kwenye kona, mpaka nikaona wote wametoka, na wewe katikati yao unakula chipsi.

Kuna lingine limenikaa kifuani zaidi ya hayo ya ndege. Zamani Jeppestown tulisimamishwa na vijana, mimi na mwenzangu tuliyetoka naye kazini, wakatuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, mtihani wao wa kumtambua mgeni. Mimi nililijua lile neno, nikaachwa. Mwenzangu hakulijua. Walimvunja mbavu mbele yangu na mimi nikasimama pale na neno langu mdomoni. Tangu hapo nikakufundisha kwamba kwenye taksi mdomo unafungwa mpaka tufike. Ukianza kusema neno la Kiswahili nilikuwa nakubana mkono. Ulijifunza upesi. Ulijifunza vizuri mno, mpaka siku moja hata mezani nikawa nakuuliza kwa Kiswahili na wewe unanijibu kwa Kiingereza, na leo ndivyo tulivyo. Unanielewa kila neno lakini hunirudishii. Mama yako husema ni kizazi. Mimi najua ni ile mikono niliyoibana.

Kwa hiyo barua hii utaisoma polepole, najua, pengine kwa kidole. Pale utakapokwama, mpigie mama yako. Sitaki kukudanganya kwamba wale vijana hawapo tena, wapo. Hofu yangu haikuwa ya kipumbavu, na baridi ya Free State nayo si ya kuota. Hilo ndilo linalonichosha. Ningekuwa naogopa vitu visivyokuwapo ningeombewa nikapona. Naogopa vitu vilivyopo, halafu dawa ninayotoa ni ile ya kuziba kila tundu.

Nitakueleza nilichokiona, ufanye nacho unachotaka. Hofu ikinishika huwa inaniambia neno moja tu, funga. Haijawahi kuniambia, ngoja kwanza utazame. Wakati nasimama pale bandani na utepe wa gundi sikuwa nawatazama ndege, nilikuwa naitazama baridi. Ningewatazama wao ningeona maji yanadondoka migongoni mwao. Na wewe vilevile. Sikumbuki uso wako ulivyokuwa katika zile Julai. Nakumbuka dirisha.

Kabla ya kuandika mistari hii nilipiga simu ofisi ya basi nikakifuta kile kiti cha nyuma. Dada wa pale akauliza sababu. Nikamwambia abiria ameghairi. Akasema sharp, sawa baba, usiku mwema. Baada ya hapo nilitaka kumpigia tena. Kesho sitakuja kituoni. Nitakuaga hapa mlangoni, na ukiona nimekushika mkono sana, uvute.

Nilikuwa nimeandika pia uniahidi kupiga simu kila jioni. Nimelifuta. Nitakuambia kwa nini, kisha niache, maana mtakuwa mko njiani mnarudi.

Usiku mmoja wa mwaka jana, lile juma la baridi kali, nilitoka zamu mapema nikaingia ndani kimya ili nisiwaamshe. Mlango wako ulikuwa nusu wazi. Ulikuwa umekaa kitandani, kifua kimekubana, na umejiziba uso kwa mto. Nilidhani ndivyo pumu inavyokukalisha. Nikasimama gizani mpaka nikaelewa. Ulikuwa unakohoa ndani ya mto ili mimi nikirudi nisisikie. Ulifanya vile kwa uzoefu, bila haraka, na nikajua si mara ya kwanza, pengine ni tangu una miaka tisa. Pampu ilikuwa kwenye mkoba wako sebuleni. Kwenda kuichukua kungeamsha nyumba, na nyumba ikiamka baba ataogopa. Ulikuwa tayari kukosa pumzi kuliko mimi niogope. Nilirudi nyuma mpaka mlango wa nje, nikaubamiza makusudi kama mtu anayeingia sasa hivi, nikawasha taa, nikaja na mkoba wako, nikasema nimeuona sakafuni. Ulisema, "Thanks, Papa, I'm fine." Nami nikasema sawa.

Katika yote ninayoyaogopa kule Bethlehem, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siyo theluji. Naogopa kwamba usiku utabanwa, na utamfikiria mtu aliye mbali na moyo wake mwepesi, na utajinyamazia kwa sababu umezoea kunitunza. Kwa hiyo simu usinipigie kesho, wala kesho kutwa. Nipigie siku utakayokuwa na hamu ya kunisikia. Nikiogopa nitaogopa, mama yako yupo, nimekuwa nikiogopa tangu kabla hujazaliwa na sijafa kwa hilo. Lakini huko uendako, kifua kikikubana, usizibe uso. Mwamshe msichana wa kitanda cha pili, hata kama humjui jina, mwite kwa lugha yoyote itakayokujia. Kohoa, mwanangu. Kohoa kwa sauti, bweni zima liamke.

Papa yako